Baba anataka kuruka kidonge cha presha ili mapigo ya moyo yapande

Daktari, shikamoo.

Baba yangu ana miaka 61. Ana presha ya muda mrefu na kila asubuhi humeza atenolol. Mwaka huu amejiunga na klabu ya jogingi hapa kwetu Temeke, na kwa kweli nilifurahi, maana tangu astaafu alikuwa mtu wa kukaa tu.

Shida ilianza kaka alipomletea saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Kocha wao anatumia hesabu moja kwa wote: 220 utoe umri, kisha mazoezi yawe kati ya asilimia 50 na 85 ya kinachobaki. Kwa baba inabaki 159, yaani mapigo 80 hadi 135 hivi kwa dakika. Kocha anamtaka afike 130. Baba hafiki. Anakimbia mpaka anahema, saa inaonyesha 104. Akiwa ametulia kibarazani ni 54.

Sasa amejishawishi kwamba kidonge ndicho kinachomzuia. Jumapili iliyopita alitaka kutoka bila kumeza, mama akasimama mlangoni mpaka akameza.

Mfamasia alinieleza kwamba kazi ya atenolol ni hiyohiyo, kupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo ile hesabu haimfai mtu anayetumia dawa hiyo. Alisema pia kuiacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Nimemwambia baba. Anasema kocha ana uzoefu. Kocha namheshimu, amewatoa vijana wengi vijiweni, lakini hao ni vijana, na wengi wao hawatumii dawa yoyote.

Naomba unisaidie hapa. Nimesoma kwamba mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Baba hana kizunguzungu wala hajawahi kuzimia. Je, hiyo 54 ni dawa tu, au aonwe haraka?

Na akikimbia atumie kipimo gani, kama si saa? Nasikia mazoezi ya wastani ni yale ambayo mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Wewe unazijua jogingi zetu, watu wanaimba njia nzima. Zamani baba alikuwa anaitikia nyimbo. Tangu aanze kuifukuza 130 anakimbia kimya, mdomo wazi, na joto hili la Dar linazidi kumchosha. Je, nimwambie kwamba akishindwa kuitikia apunguze mwendo?

Mama anataka kwanza tuombe rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete apimwe kabla ya kuongeza mbio. Ni lazima, au daktari wake wa kliniki ya presha anatosha?

La mwisho ndilo gumu kwangu. Mimi ni binti yake, siwezi kumkatalia baba mbele ya wenzake wala kumfuata kocha kwa siri. Nianzie wapi ili asiache dawa, na mazoezi nayo asiyaache?

Binti wa Temeke