Tusiwafundishe watoto kupika majibu maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wenzangu wa sayansi. Nafundisha fizikia sekondari hapa Lushoto, huu ni mwaka wangu wa 19.

Wiki mbili zilizopita kidato cha tatu walikuwa maabara na springi. Unaitundika kwenye stendi, unaongeza uzito gramu 50 kila mara, unasoma rula, unachora grafu. Kila mwanafunzi anajua grafu inatakiwa itoke vipi: mstari ulionyooka. Nikamkuta binti mmoja anafuta. Alikuwa amefuta mpaka karatasi imetoboka. Nikamuuliza, "Mwanangu, unafuta nini?" Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Zangu zimekataa, nazipika kidogo zikae sawa."

Nikasoma namba zake chini ya alama za raba. Springi ilikuwa ikirefuka sentimita mbili kwa kila uzito, halafu mara mbili za mwisho ikaruka tatu na nusu, kisha tano. Nikaondoa uzito wote. Springi haikurudi urefu wake wa mwanzo. Mtoto hakuwa amekosea popote. Alikuwa ameivusha springi mahali ambapo kanuni ya Hooke, ile isemayo springi hurefuka kwa uwiano na uzito, inakoma, na katika darasa zima ni yeye peke yake aliyekiona hicho. Ndicho alichokuwa anakifuta.

Mhariri, neno hilo "kupika" hakulitoa nyumbani kwao. Sisi ndio tuliowafundisha. Mimi nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu wetu alituandikia jibu ubaoni kabla hatujagusa kifaa, nasi tukarudi nyuma kutafuta namba za kulifikia. Nilipata alama nzuri, na miaka mingi nikaamini hiyo ndiyo sayansi.

Sisi wa Lushoto ndio tunaopaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Ni hapa, shule ya Magamba, mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu aliogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Ya mwenzake hayakuwa yamechemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye akasikia kwamba wauza aiskrimu wa Tanga mjini huingiza maziwa ya moto makusudi ili yawahi kuganda. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalishika hilo neno: akikosea hesabu, wanasema ni hesabu ya Mpemba.

Halafu akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akamuuliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar akamkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa watarudia mpaka wapate jibu sahihi. Hapo huwa nanyamaza kidogo ninapowasimulia wanafunzi, maana fundi yule ni sisi.

Mwaka 1969 makala ikachapishwa Uingereza, jina la Mpemba likitangulia la Osborne. Wanafizikia wanalibishania jambo lile mpaka leo, na hilo halinisumbui. Mpemba alikwenda Chuo cha Wanyamapori Mweka, akafanya kazi ya wanyamapori. Nayo ni sayansi. Ila nikihesabu walimu waliomfunga mdomo na mmoja aliyesema "nitajaribu", napata hofu juu ya wangapi waliopita mikononi mwangu mimi bila kukutana na huyo mmoja.

Ombi langu kwa wanaosahihisha mitihani ya vitendo: mtoto akiandika namba isiyotarajiwa na akaeleza kwa nini anaiamini, apewe alama zake. Na kwa wenzangu: namba za maabara ziandikwe kwa kalamu ya wino. Mimi nimeanza, na raba zote hubaki mezani kwangu mpaka kipindi kiishe.

Binti yule aliomba springi mpya arudie. Nikampa zote mbili, mpya na ile iliyolegea. Jumatatu akaniletea grafu mbili kwenye karatasi moja, zote zimepinda mwishoni, na pembeni ameandika kwa wino: "Sikufuta."

Mwalimu wa fizikia,
Lushoto, Tanga