Mawimbi bila maabara

Mbeya,
Juni

Mwalimu mwenzangu Ambakisye,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo imekaza, na najua huko Makete inawauma zaidi. Umeuliza mada ya mawimbi uianzie wapi kwa kuwa shule haina maabara. Fomula iache kwanza. Anza na kosa ambalo karibu kila mwanafunzi huja nalo darasani: anaamini kwamba ukitikisa kamba harakaharaka, wimbi nalo litakimbia zaidi.

Funga kamba ya katani ya mita 6 kwenye nguzo, na katikati yake ufunge kitambaa chekundu. Tikisa mara moja, wanafunzi wapime muda wa wimbi kwenda na kurudi mara mbili, maana safari moja ni fupi mno kwa saa ya mkononi. Rudia kwa mtikiso wa haraka zaidi, kamba ikiwa imekazwa vilevile. Muda hautabadilika. Kisha ivute kamba ikaze, utikise tena: sasa wimbi linawahi. Kasi inaamuliwa na njia, yaani mkazo wa kamba na uzito wake kwa kila mita, na ukitaka iwe mara mbili lazima mkazo uwe mara nne. Masafa, yaani idadi ya mitikiso kwa sekunde, yanaamuliwa na mkono unaotikisa. Urefu wa wimbi, yaani umbali wa kilele hadi kilele, hauna hiari: ni kasi ukigawanya kwa masafa, basi. Na kitambaa? Kinapanda na kushuka palepale kilipofungwa. Kinachosafiri ni nishati, kamba inabaki.

Hilo likikaa vichwani, nenda kwenye sauti, na hapa usiwe na haraka. Tafuta ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 3. Likate vipande viwili, kimoja sentimita 40, kingine 80. Chanzo kiwe uma wa sauti, chuma cha meno mawili kinachotoa mlio mmoja ukikigonga, wa hezi 512, yaani mitikiso 512 kwa sekunde. Kama hamna, programu ya simu inayotoa mlio wa masafa unayochagua inatosha. Uma wa hezi 256 uache, ungehitaji bomba la zaidi ya mita moja.

Gonga uma kwenye soli ya mpira, kamwe usigonge kwenye meza: unatoa milio ya juu isiyotakiwa, na baada ya muda meno yake yanaharibika. Ushike sentimita moja juu ya mdomo wa bomba bila kugusa, huku ukiinua bomba taratibu kutoka majini. Kwa kipande kifupi, hewa iliyo ndani ya bomba ikifika urefu wa karibu sentimita 15.7 juu ya maji, mlio unavimba ghafla. Kwa kipande kirefu unavimba tena karibu 48.9. Hizo ni namba za nyuzi 15 za Selsiasi. Toa ya kwanza kwenye ya pili upate 33.2, ambayo ni nusu ya urefu wa wimbi. Zidisha kwa 2, kisha kwa 512: mita 340 kwa sekunde.

Wengi hupima mara moja tu, wakazidisha 15.7 kwa 4, kisha kwa 512. Wanapata kama mita 321, halafu wanasingizia mwinuko wa milima yetu. Mwinuko hauhusiki. Hewa ya huku ina kanieneo (mgandamizo) ndogo, lakini pia ni nyepesi kwa kiwango kilekile, hivyo viwili hivyo vinafutana na linalobaki ni jotoridi. Kosa liko mdomoni mwa bomba: wimbi linachungulia nje kidogo, kama 0.3 ya kipenyo, yaani sentimita 0.9 hapa. Ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine, nyongeza hiyo inajifuta yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza vipande viwili vyenye kipenyo kimoja.

Kasi ya sauti hewani ni takriban mita 331 kwa sekunde ukijumlisha 0.6 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Pimeni asubuhi darasa likiwa na nyuzi 10, mtapata tofauti ya karibu sentimita 32.9, mchana kwenye nyuzi 20 itakuwa 33.5. Milimita 6 zinaonekana kwenye rula ya kawaida. Huo ni ushahidi mzuri mno kuukosa.

Kupinda kwa mawimbi wafundishe kwa mfano wa ufukwe wa Matema. Upepo wa Mwera unavuma kutoka kusini na kuyasukuma mawimbi kwa mamia ya kilomita za Ziwa Nyasa. Yakifika kwenye maji mafupi, kasi inafuata kina: kwenye mita 4 ni kama mita 6.3 kwa sekunde, kwenye mita 1 ni 3.1. Upande wa wimbi uliotangulia kufika pafupi unachelewa, ule ulio kwenye kina unaupita, na wimbi zima linageuka kuelekea ufukwe. Masafa hayabadiliki, kwa hiyo mawimbi yanasogeleana na kuinuka mpaka yanavunjika.

Redio itoshe kwa sentensi chache. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, hivyo nyuma ya mlima kama Loleza linaacha kivuli, sehemu ambayo matangazo hayafiki vizuri. Wimbi la kati la kilohezi 600 lina mita 500, nalo linazunguka kingo kwa urahisi zaidi.

Mkishapima, nitumie vipimo vyote viwili na jotoridi la darasa, hata kama vinaonekana vibaya. Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Tumaini