Barua ya Wazi kwa Waziri: Maji Safi Hayatuambii Samaki Amebeba Nini

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi na mazingira ya bahari,

Kila uchafuzi wa pwani unapoulizwa, jibu huwa kwamba maji yamepimwa na yako salama. Sina shaka na uaminifu wa wapimaji. Shaka yangu ni juu ya kitu walichokipima.

Metali zenye sumu kama zebaki, risasi na kadimiamu hazikai sana majini, bali hunata kwenye chembe za udongo, zikazama nazo na kutulia katika matope ya mikoko, ya bandari na ya midomo ya mito. Humo, pasipo na oksijeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia mwilini kwa wepesi na kutoka polepole mno. Viumbe vidogo huibeba, samaki wadogo huwala hao, wakubwa huwala wadogo, na kiasi chake huongezeka kila hatua, hata papa akawa na zebaki mara milioni moja au zaidi kuliko maji anamoogelea. Kumpika hakuiondoi. Kadimiamu ina njia yake: hujilimbikiza zaidi ndani ya chaza na kome, kwa hiyo kupima minofu ya samaki peke yake nako hakutoshi.

Kule Minamata, Japani, paka waliokula samaki wa ghuba waliyumba na kufa kabla ya ugonjwa wa binadamu kuripotiwa rasmi mwaka 1956. Serikali ilikiri mwaka 1968 kwamba chanzo ni methili-zebaki ya kiwandani. Miaka 12 ilikuwa imepita, na watu walikuwa bado wanakula. (Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo, heshima ambayo nadhani wenyeji wangependa wasiipate.)

Naomba, basi, matope na nyama ya viumbe vipimwe kwa ratiba inayojulikana, na matokeo yatangazwe kwa aina ya kiumbe na mahali alipovuliwa. Wajawazito waelezwe samaki gani wa kuepuka, kwa kuwa methili-zebaki hupita kwenye kondo la nyuma la mama na kudhuru ubongo wa mtoto, wala wasitishwe hata wakaacha samaki wote. Na kibali cha kuchimba kina cha bandari kisitolewe kabla matope yake hayajapimwa, maana kuyatibua ni kuyarudisha majini yaliyokwisha kuzama.

Kama vipimo vya matope vilikwisha kufanyika na vimelala kwenye majalada, tuanze kwa kuvisoma hivyo.

Wako,
Mlaji wa samaki