Mgongo unauma mwaka wa pili sasa, je lazima upasuliwe?

Wiki haiishi bila mtu kuingia hapa kwetu kwenye mazoezi tiba (fiziotherapia), Majengo, Moshi, na bahasha kubwa ya kaki kwapani, ndani kuna picha za MRI, kile kipimo kinachoonyesha ndani ya mgongo, na kabla hata hajakaa anakwambia "nimeambiwa pingili zimesagika na diski imetoka, nisipopasuliwa napooza". Diski ni kile kimto laini kati ya pingili moja na nyingine, yaani vile vifupa vya uti wa mgongo. Ukimuuliza nani kakwambia utapooza, unakuta daktari hakusema hivo, kasema jirani, au kasoma mwenyewe ile ripoti akaishia kwenye neno moja la kutisha. Toka siku hiyo hajainama, halimi, habebi mtoto, analala tu. Na kule kulala ndo kunaudhoofisha mgongo zaidi.

Kwahiyo leo tuongee kwa kirefu maana hili linatuumiza sana, watu wanateseka miaka kwa kuogopa kitu ambacho wengi wao hakiwahusu.

Kwanza hiyo picha. Mwaka 2015 kuna watafiti walikusanya majibu ya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Wakakuta dalili za diski kuchakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa wale wa miaka 80 ni asilimia 96. Hawaumwi, wanatembea zao. Yaani pingili kuchakaa ni kama mvi, inakuja na umri, na picha peke yake haiwezi kukwambia kwanini unaumwa. Hata ile diski iliyotoka kweli ikagusa mshipa wa fahamu mpaka maumivu yakashuka mguuni, mara nyingi mwili wenyewe unaifyonza taratibu, wiki kadhaa au miezi kadhaa, bila kisu.

Sasa kwanini maumivu hayaishi? Maumivu yakizidi miezi 3 yanaitwa sugu, na hapo mambo yanabadilika, kidonda kinaweza kuwa kimeshapona zamani ila mishipa ya fahamu bado iko macho. Chukua mbwa wa nyumba iliyowahi kuvamiwa na wezi, jani la mgomba likidondoka usiku anabweka kama mwizi karudi. Maumivu yenyewe ni ya kweli kabisa, hujatunga na wala hujarogwa, ila yanabweka hata pasipo na mwizi, na mtu akikosa usingizi, akiwa na mawazo ya ada au ugomvi nyumbani, yanabweka zaidi. Ndo maana siku ya kwanza tunakuuliza unalalaje, na watu wengine wanashangaa, "mi nimekuja na kiuno we unaniuliza usingizi".

Kuna mama mmoja anauza ndizi soko la Mbuyuni, alikuja kajifunga khanga kiunoni imekaza mpaka anahema kwa shida, ana miaka miwili na maumivu. Tukamwambia mama inuka kwenye kiti bila kushika popote. Hakuweza. Sio kwamba kiuno kimevunjika, mapaja na makalio yalikuwa yamelegea kwasababu muda wote huo kila kitu watoto ndo wanamwinulia. Tukaanzia hapo hapo, kuinuka kwenye kiti mara 5, anapumzika, anarudia raundi 3, asubuhi na jioni, na kutembea kutoka nyumbani kwake mpaka kona ya kwanza basi. Wiki ya pili tukaongeza. Wiki ya nne akashika ndoo yenye lita 5 za maji, wiki ya nane lita 10, anainama anainua anatua, huku anatutazama usoni kama anasubiri kitu kikatike. Hakikukatika. Hatusemi kapona asilimia mia, siku za soko kubwa jioni bado kiuno kinalalamika, ila anapanga mikungu yake mwenyewe na ile khanga siku hizi anajifunga kawaida tu.

Hilo ndo tunaita mazoezi tiba, na siri yake ni dozi. Ukifanya mengi siku moja kwasababu umejisikia vizuri, kesho huinuki, unasema mazoezi yamenidhuru. Sisi tunatumia kipimo rahisi, maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi, mfano 4 kati ya 10 (10 ni yale makali kabisa), na kesho asubuhi yamerudi pale yalipokuwa, uko sawa endelea, ila yakiwa bado yamepanda punguza, usiache.

Halafu ile mikanda ya mgongo. Tulikuwa tunaiuza na sisi, tumeacha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, wakasema wazi mikanda isitolewe kama tiba ya kawaida, na zile mashine za kuvuta mgongo hivo hivo, wakapendekeza mazoezi, elimu, kuchua na msaada wa kisaikolojia. Kwahiyo ukija hapa tutakuchua ndio, inatuliza na wewe unapata nafasi ya kusogea, ila dakika 10 tu, muda unaobaki unafanya kazi mwenyewe. Ukikuta mahali unalazwa kitandani kila siku unachuliwa na kuwekewa mashine mwezi mzima bila kuinuka, jiulize unalipia nini.

Dawa. Diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu, unapata duka lolote la dawa, na watu wanakunywa kama pipi, mwaka mzima bila kupima chochote. Jamani hiyo dawa inachubua tumbo mpaka vidonda, inapandisha presha, inaumiza figo, hasa kwa mzee mwenye presha tayari. Ni ya siku chache, na uambiwe na daktari. Kuna nyingine inaitwa amitriptilini, daktari anaweza kukuandikia dozi ndogo usiku kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuwaka moto na kuchoma choma, mtu anafika nyumbani mtoto anagoogle anakuta ni dawa ya sonona, inatupwa. Msitupe. Kwa dozi ndogo inatuliza hiyo mishipa na inasaidia usingizi, haina maana umeonekana una matatizo ya akili.

Magoti nayo, maana huku kwetu wapagazi wa Mlima Kilimanjaro ni wengi. Kijana kashuka njia ya Mweka na kilo 20 begani, goti linawaka, anaambiwa mafuta ya goti yameisha. Hayaishi kama oili ya gari. Ile gegedu, yaani utando mlaini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, haina mishipa ya damu, inakula kwa kukandamizwa na kuachiwa, yaani kwa kutembea. Na kushuka kunatesa goti kuliko kupanda kwasababu msuli wa paja unafanya kazi ya breki huku unavutika, kwahiyo tunajenga paja, anashuka ngazi polepole akihesabu mpaka 3, mguu mmoja mmoja, kabla ya msimu. Kwa mama zetu wenye uzito mkubwa, kila kilo moja ukipunguza goti linapumzika kama kilo 4 kwa kila hatua. Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe inayochomwa kwenye goti, inatuliza wiki chache, sio ya kurudia rudia.

Upasuaji una watu wake na tunauheshimu. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukagoma kutoka, ukipata ganzi sehemu za siri, mguu ukazidi kuishiwa nguvu, usije kwetu, nenda hospitali ya KCMC au Mawenzi siku hiyo hiyo usisubiri kesho. Homa, kukonda bila sababu, jasho la usiku, au uliwahi kuugua saratani au TB, hapo pia anza na daktari, kwasababu TB inaingia hadi kwenye uti wa mgongo. Sisi tukikuta dalili hizo hatukugusi, tunakuandikia barua uende.

Ukija mara ya kwanza tenga saa nzima. Vaa suruali laini au bukta, akina mama njooni na khanga ya ziada. Beba picha zako kama unazo, kama huna usiende kupiga kwa ajili yetu. Na zile dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba, zitie kwenye mfuko mmoja uje nazo hivo hivo tuziangalie pamoja.