Umeme wa Guangzhou: chaja, adapta na pawabenki

Habari za jioni ndugu zangu wa msafara. Mnaoniuliza pembeni kuhusu chaja, jibu ni hili kwa wote.

China umeme ni volti 220, hezi 50, karibu sawa na wetu wa 230. Transfoma haihitajiki, kinachogoma ni plagi tu. Zetu zina miguu mitatu minene. Soketi za kule zinapokea miwili bapa iliyonyooka, au mitatu bapa, miwili ikiwa imekaa mshazari. Bebeni adapta moja na ekstensheni ya nyumbani, simu nne zinachaji kwa mpigo.

Adapta isomeni kwanza mgongoni. Ikiandikwa 6A (ampia 6), mwisho wake ni wati 1,320 (6 × 220). Pasi ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampia 9: plastiki inalainika, inanuka, inaungua. Pasi ibaki nyumbani, tafadhali, mama zangu.

Hotelini ukichomoa kadi ya mlangoni soketi nyingi huzimika. Ukiacha simu kwenye chaja ukaenda sokoni, utaikuta kama ulivyoiacha.

Pawabenki inakaa mkoba wa mkononi, isizidi 100Wh (wati-saa). Ya 20,000mAh ni 74Wh (ampia-saa 20 × volti 3.7), haina shida. Ila mnaounganisha ndege kwenda Yiwu: tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C (CCC, alama ya usalama ya China), hata iwe mpya dukani.

Na mzigo wa vifaa vya umeme, geuza kila sampuli usome. Iliyoandikwa 110V peke yake, Kariakoo itaungua siku ya kwanza.