Meli iliyopandishwa mlima kwa baghala

Masunga kaka,

Vipi huko Dar, mzima na shemeji? Sisi huku Mwanza tupo, joto tu na dagaa wamepanda bei. Ile hoja yako ya juzi kwenye simu, kwamba kwanini tusinunue tu meli nzima ya bei poa huko nje ikaletwa ziwani, nimeona nikuandikie maana vocha ingeisha.

Sasa ipitie wapi kaka? Ziwa letu la Victoria halina mlango wa baharini, Nile yenyewe ikishatoka Jinja ina maporomoko kibao njiani, meli haipandi pale hata iombewe. Ndo maana MV Mwanza, mita 92.6 na abiria 1,200, imeungwa hapahapa Bandari ya Kusini mpaka ikashushwa majini Februari 2023.

Ila kuna watu waliteseka kuliko sisi, we acha. Ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia, liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, yaani ukipanda Kilimanjaro ukalala Horombo kwenye mita 3,720 bado maji yao yako juu ya kichwa chako. Victoria ni mita 1,134 tu. Sasa Peru wakaagiza Uingereza meli mbili za mvuke, Yavari na Yapura, zikaja vipandevipande, maelfu ya vipande, zikashushwa bandari ya Arica mwaka 1862, treni ikazisogeza mpaka Tacna na reli ikaishia hapo. Kilichobaki ni milima ya Andes na baghala, wale watoto wa punda na farasi.

Hapo ndo pamenimaliza. Vipande vilitakiwa viwe vya uzito wa kubebeka na baghala, kwa hiyo fundi yuko London anakata bamba la chuma la meli ya jeshi huku hesabu yake kubwa ni mgongo wa mnyama ambaye hajawahi kumuona! Mkandarasi wa kupandisha mzigo aliahidi miezi sita. Thubutu! Ikaingia vita na Hispania, mwaka 1868 tetemeko likaivuruga Arica, vyuma vingine vikalala njiani huko milimani, na Yavari ikaja kugusa maji Krismasi ya 1870. Yapura ikafuata 1873. We unalalamika nini?

Afu huko juu miti ya kuni ni shida na makaa ya mawe hakuna, so boila wakawa wanailisha mavi makavu ya lama, yule mnyama wa kubeba mizigo wa huko Andes. Yanawaka vizuri tu, shida yanakula nafasi, ukishayapakia ya safari nzima mizigo inakosa pa kukaa, mpaka ikabidi Yavari irefushwe, na mwaka 1914 wakaitoa mitambo ya mvuke wakaweka injini ya Bolinder ya Sweden. Ganda lile la chuma bado lipo, kule Puno.

Na kwetu mambo yalikuwa hayohayo. William Mackinnon, stima ya kwanza ya Waingereza kwenye ziwa hili, ilitoka Scotland vipandevipande, na reli ilikuwa haijafika ziwani kwa hiyo wapagazi wakahusika, ikaingia majini Kisumu 1900, reli yenyewe ikafika 1901. Wapagazi wale nao walikuwa na kipimo cha mzigo, ila baghala angalau alikuwa anapumzishwa, sina uhakika kama wao walipewa hiyo heshima. Liemba, ile meli ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, unaijua, Wajerumani waliifunga kwenye makasha kama 5,000.

Kwa hiyo ukisikia tena mtu huko kijiweni anasema si waagize tu, muulize barabara gani. Disemba ukija usipande basi kwenda kwa wakwe Bukoba, tupande meli usiku, daraja la pili nitalipa mimi, ila ile hela yangu ya jezi uje nayo.

Msalimie shemeji,
Kulwa