Ng'ombe hufunguliwa saa nne, waumini je?

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba Wakristo wa siku hizi wamelegea: mkesha ukitangazwa wanakuja nusu, na hao nusu wanasinzia. Aliandika kwa uchungu wala simlaumu. Lakini mimi ni mmoja wa hao waliosinzia, tena nadhani nilikoroma, na naomba nafasi kidogo nieleze ya upande wetu.

Nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa Uyole, jijini Mbeya. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Dar es Salaam hadi Lubumbashi, na foleni ya Tunduma ikimkamata siku zinapita analala humo humo garini. Mwaka juzi mwezi wa Machi mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukafa ganzi, tukamtoa Mbozi tukamleta kwangu. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna hiyo anajua. Kila baada ya saa mbili unamgeuza, mchana na usiku, asipate vidonda vya mgongo. Uji unamlisha kwa kijiko kidogo, polepole, asipaliwe. Mashuka unafua kila siku, na maji ya Uyole mwezi wa Juni yanauma vidole kama umeshika barafu. Saa moja na nusu asubuhi niko shuleni mbele ya watoto tisini na saba, huku binti wa kazi akibaki na mgonjwa. Mabinti wa kazi walikuwa wanakuja na kuondoka, sikumbuki hata walikuwa wangapi.

Kanisani nilikuwa mhazini wa akina mama, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanakwaya, na mjumbe wa kamati ya ujenzi. Kamati ya ujenzi! Mtu nisiyejua mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi. Siku ya uchaguzi nilitoka nje kupokea simu, niliporudi nikakuta napigiwa makofi. Basi Jumanne kwaya, Jumatano ibada ya nyumba kwa nyumba, Alhamisi akina mama, Jumamosi kwaya tena, Jumapili kutwa nzima, na Ijumaa moja ya kila mwezi mkesha mpaka alfajiri.

Uchovu wa mwili naujua tangu utoto, ukilala unaisha. Huu ulikuwa mwingine. Nilikuwa nafungua Biblia naona herufi tu. Kwaya inaimba, watu wanafuta machozi, mimi nahesabu mabati ya paa. Nikaanza kumchukia mama yangu, mtu asiyeweza hata kujibu. Usiku mmoja alitema uji nikampigia kelele, kisha nikaenda kukaa sakafuni jikoni, nikajikuta namwomba Mungu asiniamshe kesho. Naandika hili kwa aibu. Sikumwambia mtu. Ungeanzia wapi? Mtu anakuuliza habari za leo mlangoni mwa kanisa, nyuma yake kuna foleni ya watu wanaotaka kushikana mikono na mchungaji, unasema nzuri, tunamshukuru Mungu, unasogea.

Ndipo ukaja ule mkesha wa Julai. Mhubiri mgeni alitusimulia habari ya Herrnhut kule Ujerumani: mwaka 1727 Wamoravian wa kijiji kile walianza maombi ya zamu yasiyokatika usiku na mchana, yakaendelea kwa zaidi ya miaka mia. Ni watu wa kanisa lile lile lililotuma wamisionari walioanzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo sisi wa huku tunaisikia habari hiyo kama habari ya babu zetu. Mhubiri akauliza, wao miaka mia, ninyi usiku mmoja unawashinda? Watu wakapiga kelele za amina. Mimi nilikuwa nimeshaegemea nguzo. Nilichokumbuka baadaye ni mkono ukinitikisa na sauti ya mama mwenzangu, "Mwalimu, adui anakuibia!" Wakanizunguka wanne, wakakemea roho ya usingizi initoke. Katika siku mbili zilizotangulia nilikuwa nimelala jumla ya saa tano. Nikasema amina nao. Ningefanyaje?

Lakini mhubiri alikuwa ametaja jambo moja kwa kupita, nalo likanifuata njia nzima nikirudi nyumbani gizani. Wale wa Herrnhut walioanza walikuwa wanaume ishirini na wanne na wanawake ishirini na wanne, na kila mmoja alichukua saa moja. Saa moja kwa siku, Mhariri! Saa ishirini na tatu zilizobaki alilala, alipika, alisuka nguo zake, akijua kuna mwenzake macho. Tunaisimulia miaka mia ili kuaibishana, kumbe siri yake ilikuwa kupokezana.

Jumatatu yake jirani yangu alipita uani. Ni bibi Mnyakyusa wa Rungwe, mjane, hajawahi kushika cheo chochote kanisani. Akanisalimu kama anavyonisalimu kila siku, "Ugonile." Wasomaji wa Dar hawatajua: hiyo ndiyo salamu ya Kinyakyusa, na asili yake ni kuuliza kama umelala. Unajibu "Ndaga," na maisha yanaendelea. Mimi ni Mnyiha, lakini nimekaa Mbeya miaka kumi na tisa na nimeijibu salamu hiyo maelfu ya mara bila kuisikia. Siku ile niliisikia. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Sijalala, bibi." Machozi yakaja hapo hapo, nimeshika beseni la mashuka.

Hakuniuliza kitu. Jioni saa kumi alirudi na mjukuu wake wa kike aliyemaliza kidato cha nne, wakiwa na sufuria ya ndizi. "Huyu tutamgeuza sisi. Babu yenu nilimgeuza miaka mitatu, najua. Wewe nenda ukalale." Nikauliza kwa mazoea kama tuombe kwanza. "Nimeshaomba njiani, mwanangu. Nenda." Nililala saa kumi na mbili jioni nikaamka saa kumi na moja alfajiri. Walifanya hivyo usiku tatu mfululizo, kisha mara mbili kila wiki hadi mvua zilipoanza. Katika siku hizo nilikwenda pia hospitali, nikakutwa na presha ambayo sikujua kama ninayo, na dawa nameza mpaka leo. Hilo nalitaja kwa sababu wapo watakaosema ilikuwa vita ya kiroho tu.

Nilipoanza kusoma tena nilianguka kwenye 1 Wafalme 19, habari ya Eliya. Nimewafundisha watoto sura ile mara nyingi, ila sisi hukimbilia ile sauti ndogo ya utulivu pale Horebu. Mwanzo wake tunauruka. Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli, Yezebeli anamtafuta amuue, anakwenda jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Maneno yake yalikuwa karibu sawa na yangu ya sakafuni jikoni. Malaika anayekuja hamkemei. Anamgusa, anamwambia inuka ule. Pana mkate uliookwa juu ya makaa na maji karibu na kichwa chake. Anakula, analala tena, na malaika anamwacha alale! Anarudi mara ya pili na chakula, na sababu anayotoa ni kwamba safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo kuhusu imani yake yanakuja baadaye sana, baada ya siku arobaini. Na yakija, miongoni mwa majibu anayopewa ni msaidizi: Elisha, aliyekutwa analima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe. (Elisha akachinja jozi moja ya ng'ombe na kuwapika kwa kuni za vyombo vyao vya kulimia. Baba yangu angelia.)

Baba alikuwa na maksai wanne kule Mbozi, jozi mbili. Kabla ya msimu alizitoa nira darini, akapitisha kiganja sehemu inayokaa shingoni, palipokwaruza akapachonga tena mpaka pawe laini. Mvua za kwanza zikishalainisha udongo tuliwafunga alfajiri, mimi natangulia na kamba, kaka yangu kashika plau. Ikifika saa nne, jua limeanza kuuma, baba anasema, "Fungueni." Hata kama umebaki mstari mmoja. Tulinung'unika, maana mstari mmoja ni nini? Hakujali, walifunguliwa wakaenda majini na malishoni. Jirani yetu aliwalimisha wake mpaka saa saba ili amalize kabla yetu. Msimu haujaisha, mmoja akalala katikati ya shamba na viboko havikumwinua.

Kwa hiyo ninaposoma Mathayo 11, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha," na baada yake habari ya nira iliyo laini, mimi naiona nira ya baba. Wahubiri hutueleza kuwa nira ni ng'ombe wawili kuvuta pamoja, na ni kweli. Sijamsikia hata mmoja akitaja saa ya kufungua.

Nisiseme uongo kwamba usingizi ulimaliza yote. Mwili ulipopona kidogo ndipo nilipoona ukavu ulivyokuwa mkubwa ndani. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kikombe cha chai, milima ya Uporoto inavua ukungu, na sina la kumwambia Mungu. Siku nyingi zilipita hivyo. Kisha nikagundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa namwendea Bwana kama mhazini: nimebeba daftari, hiki nimefanya, hiki nimepungukiwa, hiki nitalipa mwezi ujao. Yeye amesema njoni, mimi napeleka taarifa ya mapato na matumizi. Asubuhi moja nikasema tu, "Nimekuja." Nikanyamaza, nikamaliza chai. Kesho yake tena, "Nimekuja." Hakuna sauti niliyosikia wala ndoto niliyoota. Lakini kama wiki ya tatu hivi nilimbeba mama kumwogesha nikajikuta naimba, na yeye, ambaye maneno yalikuwa yamempotea, akaguna nami kwenye kiitikio.

Nilimwendea mchungaji kuachia vyeo vitatu na kubaki na kwaya. Nilijiandaa kwa ubishi. Ana mitaa minne na pikipiki moja, Jumapili anahubiri mara tatu na katikati ya wiki anazika. Alinisikiliza, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Mwalimu, mimi mwenyewe sijapumzika tangu Pasaka." Tukacheka, kisha hatukucheka. Baadhi ya wenzangu walisema mwalimu amepoa kiroho. Kamati ya ujenzi ilimpata fundi mwashi wa kweli, na ukuta sasa umenyooka.

Ombi langu kwa msomaji wako, na kwa wazee wa kanisa wanaosoma safu hii: kabla ya kumkemea anayesinzia, ulizeni nyumbani kwake kuna nani kitandani. Anayeuguza apewe likizo ya vyeo, na aletewe mtu wa kumpokea usiku mmoja kwa wiki; vikundi vyetu vina watu wa kutosha kwa hilo kama vilivyo na watu wa kutosha kukusanya michango ya harusi. Mchungaji naye awe na siku ambayo simu yake anashika mtu mwingine. Na mikesha iendelee, siipingi hata kidogo, ila tuifanye kwa mtindo wa Herrnhut wenyewe, kwa kupokezana, kila mmoja saa yake.

Mama sasa anakaa mwenyewe kitandani na kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Usharika wetu umekubali kujaribu zamu hizo kwa miezi mitatu. Ijumaa hii mimi ni saa tatu hadi saa nne usiku. Baada ya hapo msinitafute.

Mwalimu wa darasa la tatu,
Uyole, Mbeya.